Nyinginezo

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa ndama.
Uru, banda la nyuma, mvua za masika.
Bibi akasema: Ndeshi, funga macho,
weka kiganja hapa kwenye nyonga, usikandamize,
ngoja mfupa ukusemeshe.
Nilikuwa na miaka tisa. Nikangoja.
Kitu kikatetemeka chini ya ngozi
kama chungu kinachokaribia kuchemka.
Umesikia? Nikasema ndiyo.
Ndama hakusimama siku ile.
Alisimama Jumapili, sisi tukiwa kanisani.

Basi ukiniuliza, Kundaeli, njia ilianzia wapi,
ilianzia kwenye samadi.

Mengine yamo kwenye vyeti:
fizikia, kemia, baiolojia,
miaka mitano ya chuo, na maiti tuliyoiita Mjomba
ili tusiiogope.
Mwaka wa mazoezi, zamu za usiku, chai ya rangi,
mashine ya eksirei iliyoharibika Februari
ikamsubiri fundi hadi Juni.
Daktari bingwa akanikuta nampapasa mama mmoja mgongo,
pingili baada ya pingili,
akacheka mbele ya wodi nzima:
"Unamtafutia nini huyo, chenji?"

Nikaenda mbali kujifunza.
Mji wa baridi. Walifunika unywele mmoja kwa karatasi,
tuutafute kwa ncha ya kidole.
Karatasi moja. Tano. Kumi na mbili,
wenzangu wakakata tamaa.
Mimi niliukuta chini ya ishirini na tatu, nikalia,
wakadhani ni furaha.
Bibi alikuwa amezikwa juzi
na nauli haikutosha.

Nikarudi. Kwenye dirisha la usajili
karani akainua fomu yangu juu kwenye mwanga
kama noti anayoitilia shaka.
"Fani yako haina kisanduku."
Upasuaji kipo. Meno kipo. Macho, masikio, vipo.
Akaweka alama kwenye cha mwisho kabisa: Nyinginezo.
Mwaka wa kumi na saba huu, mimi ni Nyinginezo.

Nyinginezo ana chumba Majengo, nyuma ya duka la mbolea,
na kitanda cha mringaringa alichokichonga Kisaka,
mguu mmoja mfupi, tumeuwekea kigae.
Wanakuja. Mpagazi aliyeshuka mlimani jana,
shingo imekaza upande:
kilo ishirini za mahema ya watu, na viti vyao,
na choo chao cha kukunja.
Mama wa Kiboriloni, miaka thelathini ya mikungu kichwani,
"Hapaumi, daktari, panachoka tu."
Wachaguaji wa kahawa, mabega yamepanda hadi masikioni.
Nashika. Nangoja.
Mara nyingi hakuna muujiza. Nalegeza kidogo,
nawafundisha kupumua,
na dawa naandika, mimi ni daktari,
ingawa kwenye foleni wananiita mganga
na nimeshaacha kubisha.

Kuna siku mikono inakataa.
Mzee Aminieli alilala hapo kifudifudi,
anataka nimnyooshe kabla ya mavuno.
Kwenye pingili ya pili ya kiuno nikakuta ukimya,
si kukaza, si uvimbe,
kama nyumba unayoibishia hodi
na kabla hujamaliza unajua hakuna mtu.
Nikaondoa mikono, nikaandika barua ya rufaa.
"Mbona hujanigusa bado?" akasema.
Binti yake huniletea parachichi kila Machi.
Sijui ni shukrani au ni nini. Hatuzungumzi.

Siku hizi dole gumba la kulia halikunjiki asubuhi.
Nalitia kwenye maji ya moto kabla sijafungua mlango.
Wewe unauliza mshahara.
Ni haki yako. Ni mdogo.

Lete mkono. Si huo wenye simu.
Weka hapa, chini ya bega langu,
usikandamize.
Foleni itasubiri.